Namna ya Kushusha Chesisi Kilimatinde na Bado Ukaitwa Bosi

Una chesisi ya Land Rover nyuma ya nyumba pale Kilimatinde. Usinieleze kwamba unahitaji usafiri. Mabasi ya Dodoma yapo. Wewe unalitaka gari hilo kwa sababu uliona picha za Arusha za Oktoba 2024, Land Rover zimefuatana barabarani kwa mamia, wenyewe wakitaka kuipita rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Ukajiona umo katikati ya ule mstari, kiwiko dirishani, miwani myeusi usoni. Vizuri sana. Majivuno ya namna hiyo yameokoa magari mengi, na mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye majivuno hayo ambaye pia anaupenda mgongo wake.

Hali yako naijua. Umeshalivua gari lote. Bodi iko kwa shemeji, injini imefunikwa turubai, gia boksi iko stoo, bolti zimejaa kwenye ndoo. Kilichobaki ni mihimili miwili mirefu ya chuma na boriti zinazoiunganisha. Mchomeleaji unayemwamini yuko Dodoma, zaidi ya kilomita 100, na kati yako na yeye kuna ukingo wa Bonde la Ufa ambao Kilimatinde imekaa juu yake, kisha mbuga ya Bahi.

Sasa sikia. Chesisi iliyovumilia mashimo kwa nusu karne inaweza kupinda asubuhi moja tu, mikononi mwa vijana wanane wenye nguvu na haraka. Ikishapinda, milango haitafunga, tairi zitalika upande mmoja, na gari litatembea kiubavu maisha yake yote. Kwa hiyo nakupa njia za mkato, na kila moja naiamini. Mtu mvivu anayefikiri atakifikisha chuma hicho kikiwa kimenyooka. Mtu wa bidii asiyefikiri ndiye ninayemwogopa.

1. Gonga kwanza

Njia ya mkato kubwa kuliko zote ni kutosafirisha kabisa. Chukua nyundo ndogo, anza kwenye pembe za mbele, nenda hadi boriti ya nyuma, ukigonga kila shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya gunia, au nyundo inazama. Sikiliza zaidi sehemu mbili: boriti ya nyuma, na ile mikono inayotokeza pembeni kushikilia ukuta wa mbele wa bodi. Land Rover huanza kufa hapo.

Sababu ni ya zamani. Gari hili lilipooneshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inapewa chuma kwa mgao baada ya Vita Kuu ya Pili. Bodi ikatengenezwa kwa alumini, chuma kikawekwa pale tu kisipoweza kukosekana, chesisi ikiwa ya kwanza. Ndiyo maana unaweza kukuta bodi haina doa la kutu huku mhimili ulio chini yake umetoboka. Mhimili wenyewe ni boksi lenye uwazi ndani. Matope yakishaingia yanakaa humo, na kutu inaanza kula kwa ndani, mahali ambapo brashi yako ya rangi haijawahi kufika.

Wewe una bahati ya kuwa Ugogo. Nchi ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja, na chumvi ya bahari haiji huku. Chesisi iliyozeeka Kilimatinde ina nafuu kubwa kuliko mwenzake aliyezeekea Tanga. Lakini gonga hata hivyo, na ugonge ukiwa peke yako jioni, ili kama habari ni mbaya uwe wa kwanza kuijua. Faida ya hilo utaiona huko mbele.

2. Usibebe

Chesisi tupu ya Land Rover 109 ina uzito unaozidi mifuko miwili ya saruji. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu mita 2.77; ya 88 ni kama mita 2.24. Kwa karatasi si mzigo wa kutisha. Kwa mikono ni balaa, maana ni ndefu, ina kona zinazokata, na hakuna mahali pazuri pa kushika. Wapagazi wa karne ya 19 waliokatiza Ugogo kuelekea Tabora walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani kilo thelathini na kitu, na wale walikuwa watu walioishi kwa kazi hiyo. Baada ya hapa Kilimatinde walikuwa wanaingia pori la Mgunda Mkali, siku nyingi bila vijiji na maji ya shida, hivyo walijua vizuri mwili wa mtu unaweza nini. Vijana wako walishindia chai na maandazi. Wapangie kilo ishirini kila mmoja na usizidishe.

Au usiwapangie chochote. Rudisha ekseli.

Najua kwa nini ulizitoa. Chesisi tupu inapendeza kwenye picha. Basi piga picha, weka kwenye WhatsApp, pokea sifa zako, kisha chukua spana ufunge ekseli zote mbili na springi zake, na ringi nne zenye tairi zozote zinazoshika upepo. Azima kama huna. Nusu siku ya kukaza yuboti inakupa chesisi inayotembea yenyewe, na kila hatua inayofuata inakuwa nyepesi mara kumi.

Kuna jambo la usukani. Kwenye Land Rover za zamani za Series, ukuta wa mbele wa bodi ukishang'olewa, boksi la stelingi limeondoka nao, na magurudumu ya mbele yanageuka yanavyotaka. Yanyooshe, kisha fungia lile fito linaloyaunganisha kwenye springi kwa kamba ya nguvu, kushoto na kulia. Mkifika kwenye kona, inueni mbele, mkae sawa, mwendelee.

3. Kumbuka huna breki

Hili linawapata hata mafundi. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Imekaa nyuma ya gia boksi na inashika propela. Gia boksi iko stoo kwako, kwa hiyo breki ya mkono nayo iko stoo. Breki ya mguu haina pedali wala mafuta. Ulichonacho ni chuma kwenye magurudumu manne, katika mji uliojengwa kwenye ukingo.

Kabla hamjasukuma hata hatua moja, teua mtu wa mawe. Mmoja tu, mawe mawili makubwa mkononi, kazi yake ni kufuata gurudumu la nyuma na kuweka jiwe kila mnaposimama. Mchague mwoga. Jasiri ataona wenzake wanahangaika, ataweka jiwe chini aje kusaidia kusukuma, na hapo ndipo chesisi itakapoamua kwenda Bahi bila lori.

4. Kamba moja, mabomba mawili

Tafuta kamba isiyovutika. Ya fundi mwashi inafaa. Pima kutoka tundu la bolti ya springi la mbele kushoto hadi tundu la springi la nyuma kulia. Funga fundo. Sasa pima mshazari wa pili, wa mbele kulia hadi nyuma kushoto. Fundo likiangukia palepale, chesisi iko mraba. Lisipoangukia, ilishagongwa zamani na aliyekuuzia alikaa kimya.

Kisha weka bomba moja lililonyooka juu ya mihimili kwa mbele na jingine kwa nyuma, yote mawili yakikatiza. Chuchumaa mbali kidogo, fumba jicho moja, tazama bomba la mbele likilingana na la nyuma. Kama moja limeinama kuliko jingine, chesisi imejisokota.

Fanya haya mbele ya watu, ukiwa umevaa shati safi. Hakuna kazi rahisi inayompa mtu sura ya mhandisi kama kupima kwa kamba. Halafu itunze kamba hiyo mfukoni hadi Dodoma. Ndiyo shahidi wako pekee ikiwa lori litakurudishia kitu kilichopinda na dereva akaapa kwamba kilikuwa hivyo tangu mwanzo.

5. Ile ndoo ya bolti

Nisikilize hapa, kwa sababu watu huchukulia kwamba vipande vidogo vitajipanga vyenyewe. Mwaka 1913 Wajerumani walimaliza kuunda meli huko Papenburg, wakaifungua yote, wakaipakia kwenye masanduku takriban 5,000, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam. Kutoka pale masanduku yakapanda Reli ya Kati, ile ile inayopita Saranda, chini ya ukingo unaouona ukisimama Kilimatinde. Meli ikaunganishwa Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Leo tunaiita MV Liemba. Hebu fikiria kama mtu wa masanduku angesema ataweka bolti zote kwenye ndoo moja.

Mkato wenyewe ni huu: mifuko ya nailoni, kalamu ya wino mzito, na mtoto wa shule mwenye mwandiko mzuri. Mpe mtoto soda na ukae kwenye kiti ukimtajia: "Hizi za springi ya mbele kulia. Hizi za gia boksi." Kwa saa moja una stoo iliyopangika, na mtoto atakwenda kuwasimulia wenzake kwamba ametengeneza gari.

Kuna somo jingine kwenye meli hiyo. Julai 1916 mafundi wake Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi iliokoa mitambo iliyokaa chini ya maji kwa miaka. Wewe nawe paka grisi kila uzi wa bolti na kila tundu, hata kama safari ni ya siku moja. Unaweza kukaa kwa mchomeleaji miezi minane ukisubiri pesa ya elektrodi.

6. Namba usiiguse

Njia zangu zote za mkato zinakomea hapa. Namba ya chesisi ndiyo gari lenyewe mbele ya serikali. Kwenye Series II na III imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na shikizo la springi. Isafishe kwa brashi ya waya polepole na mafuta ya taa, piga picha, linganisha na kadi ya gari. Usiipige gurainda. Usimruhusu mchomeleaji kukata kipande hicho "atakirudisha baadaye". Ukilazimika kubadilisha mhimili au chesisi nzima, taarifa iende TRA na gari likakaguliwe na polisi, kabla hujapaka rangi.

Beba kadi, mkataba wa mauziano na barua ya mtendaji wa kijiji. Chuma kitupu kwenye lori kinafanana na vyuma chakavu vya wizi, na askari atakayekusimamisha atakuwa anafanya kazi yake. Mkabidhi karatasi kabla hajauliza. Utashangaa jinsi mazungumzo yanavyofupika.

7. Watu

Kila mji wa namna hii una mzee aliyewahi kuendesha Land Rover ya serikali au ya misheni. Kilimatinde, yenye historia ya boma la Wajerumani na hospitali ya misheni, haiwezi kukosa. Nenda kwake siku moja kabla, asubuhi, na usiende na habari ya pesa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka kuua chuma."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Vijana hawajui hata pa kushika."

"Watajulia wapi? Ngoja nichukue kofia."

Umemaliza. Kuanzia hapo una msimamizi ambaye vijana hawawezi kumbishia, anayejua kwamba chesisi haishikwi kwa ile mikono ya pembeni, inashikwa kwenye mihimili karibu na mashikizo ya springi. Atatoa amri kwa sauti moja, na sauti moja ndiyo dawa ya ajali nyingi za kunyanyua. Watu wakihesabu "moja, mbili, tatu" kila mtu kwa tatu yake, kona moja inapanda na nyingine inabaki chini, na hapo ndipo chuma kinapojisokota.

Kwa vijana, patana malipo mapema mbele ya mzee, na ulipe kazi ikiisha. Chakula kije baada ya kazi, wali na nyama, na harufu yake ianze kuwafikia mapema. Pombe isionekane kabisa mpaka lori liondoke. Mwenye misuli mpe pembe ya mbele, mahali ambapo watu wa barabarani wanamwona vizuri. Atanyanyua zaidi ya mgawo wake na atakushukuru. Mjuaji, yule anayekatiza kila sentensi, mpe kamba ya kupimia na umwambie asimame mbali aangalie kama mambo yananyooka. Atafurahi, nanyi mtapumua.

Na wewe? Wewe simama karibu na mzee na uitikie kwa kichwa.

8. Lori

Usisafiri kati ya Desemba na Aprili. Udongo mweusi wa mbuga ya Bahi ukilowa haumheshimu mtu akiacha lami kidogo tu. Subiri kiangazi, baada ya mavuno, malori yanapofuata alizeti na mtama vijijini. Wakati huo Fuso ni nyingi na madereva wanatafuta cha kujaza nafasi. Chesisi ya 109 inalala vizuri kwenye Fuso bila kutokeza. Kirikuu haifai, nusu ya chuma itaning'inia nje, na utalazimika kufunga kitambaa chekundu nyuma na kuomba dua hadi Dodoma.

Usipatane nauli mwenyewe. Uso wako unakusaliti: dereva anaona jinsi unavyokitazama chuma hicho na bei inapanda palepale. Mtume mtu asiyekipenda. Mama watoto anafaa kuliko wote. Amekereka na ile gia boksi stoo tangu mwaka juzi, kwa hiyo akimwambia dereva, "Chukua kwa bei hiyo au tuiuze kwa kilo," dereva ataamini, kwa kuwa ni kweli.

Kubali kuchanganyiwa na magunia, ila weka sharti moja: hakuna gunia litakalokaa juu ya chesisi. Chini yake, sawa. Pembeni, sawa. Gunia la alizeti juu ya mhimili uliokwisha kuliwa na kutu kwa ndani linaweza kumaliza kazi iliyoanzwa na kutu.

9. Kupakia bila winchi

Hapa ndipo uvivu unakuwa sanaa. Usinyanyue chesisi hadi kwenye lori. Shusha lori hadi kwenye chesisi. Kilimatinde haikosi kingo. Tafuta mahali ardhi imekatika kwa kimo cha bodi ya Fuso, dereva arudi kinyumenyume hadi mkia wa lori uguse ukingo, aweke jiwe kwenye magurudumu yake. Weka mbao mbili nene kuziba pengo. Chesisi inaingia ikiwa imesimama kwenye magurudumu yake, kama abiria aliyelipa nauli.

Kinachohitajika ni mtu wa kuizuia isiende mbio. Funga kamba ya manila kwenye boriti ya nyuma, izungushe mara tatu kwenye shina la mti ulio nyuma yenu, na mpe ncha mtu mmoja. Mizunguko hiyo mitatu inabeba uzito. Yeye anaachia kidogokidogo. Usichague mbuyu, unene wake utakumalizia kamba yote kabla hujapata mzunguko wa pili. Mwarobaini au mkwaju unatosha. Asimame nje ya mstari wa kamba, na asijizungushie kamba mkononi hata kidogo. Hapo sina utani: kamba ikivutika ghafla inaondoka na vidole.

10. Kufunga

Watu hufunga mzigo kwa kukaza mpaka chuma kilie. Acha. Kama umerudisha ekseli, funga ekseli tu, kila upande, mbele na nyuma, na uiache chesisi juu ya springi. Springi zisizo na mzigo ni ngumu, kwa hiyo itarukaruka kidogo njiani, lakini tuta likiiyumbisha bodi ya lori, springi ndizo zitakazojipinda, na mihimili yako itabaki ilivyo.

Kama umeng'ang'ania kusafirisha chesisi tupu, iweke juu ya nguzo tatu. Mbili nyuma, chini ya mihimili karibu na springi; moja mbele, katikati ya boriti. Chungu juu ya mafiga matatu hakitikisiki hata ardhi ikiwa na matuta, na chesisi kwenye sehemu tatu haiwezi kusokotwa na sakafu ya lori inayocheza. Ukiweka nguzo nne, kila lori litakapoyumba nguzo moja itaachia na tatu zitabaki zikigombana. Weka tairi chakavu au gunia la pumba juu ya kila nguzo, funga juu ya hizo nguzo tu, na kaza kushoto na kulia kwa zamu.

Ziba matundu yote ya mihimili kwa matambara. Vumbi la kiangazi litakalolowa baadaye ni chakula cha kutu.

11. Njiani

Mchana tu. Hakuna kijana wa kukaa juu ya chesisi "kuiangalia". Mlima Saranda ushukwe kwa gia ndogo, dereva asitegemee breki. Mwambie kwamba mzee ndiye aliyesema hivyo. Simameni mkishafika chini mkague kamba, maana mteremko hulegeza zote za nyuma. Simameni tena Kintinku mkapate chai. Baada ya Bahi kuna mizani ya Nala, na lori lolote linalozidi tani 3.5 linapaswa kupima. Hilo ni la dereva na magunia yake; chesisi yako haitamzamisha. Ila ukimwona anataka kupita kando, shuka.

12. Ikiwa imekufa

Sasa faida ya kugonga peke yako jioni. Kama nyundo ilizama kwenye mihimili yote miwili, au kamba ilionyesha tofauti ya kutosha kupitisha kidole gumba, kubali kabla mtu hajakushauri ukubali. Toka nje kesho yake asubuhi na utangaze mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyepanga: gari hili ni la spea. Kisha fanya kweli. Springi, ekseli, mashikizo, difu, vyote vina wateja. Ekseli ya nyuma na ringi zake vikiwekewa mbao vinakuwa mkokoteni wa ng'ombe utakaoendelea kubeba mtama Ugogo wakati Land Rover nyingine zimeshageuzwa sufuria. Nenda ukaupige picha huo mkokoteni kwa fahari. Hujashindwa kulifufua gari. Umeligawa kwa watu wanaolihitaji.

Halafu anza kutafuta chesisi nyingine, kimyakimya, kwa kuwa zile picha za Arusha bado unazo kwenye simu.

13. Kwa mchomeleaji

Mkifika Dodoma, usimlipe dereva salio kabla kamba haijatoka mfukoni. Pima mishazari miwili mbele yake na mbele ya mchomeleaji. Weka mabomba, fumba jicho. Fundo likiangukia palepale, lipa papo hapo na uongeze ya soda, maana dereva wa namna hiyo utamhitaji siku ya kurudisha gari zima.

Chesisi ishushwe kwenye stendi za kimo kimoja, si kwenye matofali yaliyookotwa. Mwambie mchomeleaji asitoe boriti mbili kwa wakati mmoja: atoe moja, achomelee mpya, apime kwa kamba yako, ndipo aguse nyingine. Mwachie kamba ikiwa na fundo lake. Muulize elektrodi anazotumia, mkubaliane bei kwa boriti na wala si kwa siku, na aanze na ile ya nyuma.